Mshale wa Jiwe Huanzia Kwenye Mti: Jinsi ya Kuutengeneza na Kuujaribu

Wageni wa makumbusho huinamia kabati la vioo, wakatazama vyembe vya mawe, yaani ncha za mishale, kisha wakauliza jiwe lilichongwaje. Ni swali zuri, ila linaacha nje sehemu kubwa ya kazi. Chembe tunacho kwa sababu jiwe haliozi. Ufito, manyoya, gundi na kano viliishia kwenye udongo, na ndivyo vilivyoufanya mshale uruke. Fundi aliyezoea humaliza chembe kidogo ndani ya saa moja. Ufito ulionyooka humchukua wiki kadhaa, nyingi zikiwa za kungoja ukauke.

Mara chache mti nao umesalimika. Huko Stellmoor, karibu na Hamburg nchini Ujerumani, tope la ziwa la kale lilihifadhi vipande vya mishale ya msonobari vyenye umri wa zaidi ya miaka 10,000. Viligunduliwa miaka ya 1930 na kupotea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasara ambayo bado inatuuma. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, ukaonekana mwili wa mtu aliyeishi miaka ipatayo 5,300 iliyopita, ambaye leo anaitwa Ötzi. Podo lake, yaani mfuko wa mishale, lilikuwa na mishale 14, na miwili tu ndiyo iliyokamilika, ikiwa na chembe cha gumegume mbele na manyoya matatu nyuma. Mingine 12 ilikuwa fito zisizo na chembe wala manyoya. Mimi naziona fito hizo kuwa hazina kubwa kuliko ile miwili, kwa sababu zinaonyesha kazi ikiwa bado mikononi mwa fundi.

Basi anza na ufito. Tafuta machipukizi yaliyonyooka, ya mti mgumu unaopindika bila kukatika, yenye unene wa kidole cha mwisho. Yakate marefu kuliko unavyohitaji, kwani miisho hupasuka yanapokauka. Yafunge kitita yangali mabichi, uyaweke kivulini penye hewa. Yakikauka, yamenye gome, kisha uyanyooshe kwa moto: pasha palipopinda juu ya makaa bila kuunguza, pakunje upande wa pili kupita kidogo mstari ulionyooka, ushikilie mpaka papoe. Patarudi kiasi. Kesho yake utarudia, na keshokutwa pengine tena.

Kunyooka peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. Upote, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa, msukumo huingia kwa nyuma huku uzito wa chembe ukisita mbele. Ufito hujikunja kwa kuuzunguka mshikio wa upinde, ukajikunja tena upande wa pili, na huendelea kupepesuka hewani kabla ya kutulia. Kamera za mwendo wa kasi huonyesha jambo hili waziwazi. Ufito mgumu kupita kiasi haupati nafasi ya kuuzunguka upinde, hivyo kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia mshale huelekea kushoto. Ukiwa mlegevu mno, huenda kulia. Mtu hulaumu jicho lake kumbe tatizo ni mti.

Ugumu huo unapimika bila mtambo wowote. Laza ufito juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 66, ning'iniza katikati uzito wa kilo 0.9, upime umeshuka milimita ngapi. Uzungushe robo mzunguko na upime tena, kwa maana mti hauna nguvu sawa pande zote. Andika namba kwa penseli juu ya ufito wenyewe, kisha chagua zile zinazokaribiana. Unapopunguza unene, kwangua kidogo kidogo. Ufito wa milimita 9 ukifika milimita 8 hupoteza zaidi ya theluthi moja ya ugumu wake, na ukishakwangua huwezi kurudisha. Kumbuka pia kwamba chembe kizito huufanya ufito uleule ujikunje zaidi, kwa hiyo vyembe navyo vipimwe kwenye mizani.

Manyoya ni kazi fupi: matatu, yote ya bawa la upande mmoja, ili yauzungushe mshale kuelekea upande mmoja.

Jiwe linalofaa ni lile linalovunjika kwa ukali na bila kufuata mishipa: gumegume, obsidiani (kioo cha asili cha volkeno), au hata kitako cha chupa nene kwa anayejifunza. Ukishapata kimeguko chembamba, kiweke juu ya kipande cha ngozi kiganjani, sugua ukingo wake kwa jiwe la kunolea ili usivunjike ovyo, halafu bonyeza kwa ncha ya pembe ya mnyama. Bonyeza kwanza kwa kuingia ndani, ndipo ushushe. Utasikia mlio mdogo mkavu, na kibanzi kilicho chembamba kama gamba la samaki kitabaki kwenye ngozi. Geuza, sugua, bonyeza. Vaa miwani ya kukinga macho, fanya kazi nje, na tumia barakoa inayozuia vumbi laini, kwa kuwa vumbi la silika huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kitambaa cha kawaida hakilizuii.

Kwenye kufunga, kata mfuo mbele ya ufito, jaza utomvu uliochanganywa na unga wa mkaa, bandika chembe, kisha zungushia kano zilizolowekwa. Kano hukaza zinapokauka. Zizungushe mpaka chini ya mfuo, la sivyo chembe kitaupasua ufito kama kabari. Utomvu uliochemshwa kupita kiasi hukatika kama kioo, kwa hiyo uyeyushe kwa moto mdogo.

Kabla ya kila mpigo, pinda mshale taratibu huku ukiuzungusha, usikilize kama unalia. Ufito wenye ufa unaweza kuvunjika upote unapoachiwa na kuingia mkononi. Pasiwe na mtu nyuma ya shabaha wala kando yake.

Katika majaribio badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: upinde uleule, umbali uleule, shabaha ileile, chembe tofauti. Udongo wa mfinyanzi ukitumiwa kama shabaha huubana ufito pembeni na kupotosha kipimo cha kina ambacho mshale umeingia, ndiyo maana maabara nyingi hutumia jeli maalumu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lililinganisha mishale yenye vyembe vya mawe na ile iliyochongwa ncha ya mti tu. Ya mawe iliingia zaidi kwa takriban asilimia 10. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na inatulazimu tuulize jiwe lilileta faida gani nyingine, kama vile kukata kidonda kipana.

Usitupe chembe kilichovunjika. Namna kilivyovunjika ndiyo kumbukumbu tunayolinganisha na vitu vya kale, kama vipande vidogo vya mawe vya pango la Sibudu, Afrika Kusini, vyenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, vinavyodhaniwa kuwa vya mishale. Hata hivyo kukanyagwa na wanyama au kuponyoka mkononi mwa fundi huacha mivunjiko inayofanana, hivyo alama moja haitoshi kuthibitisha chochote. Tunatafuta na mabaki ya gundi, na mikwaruzo ya kwenye kitako.

Kwa sababu hiyohiyo, usichongee jiwe mahali penye mabaki ya kale, wala usiokote jiwe la huko ukalichonga upya. Tandika turubai, zoa vibanzi vyote, na ukivifukia weka shimoni sarafu ya mwaka huu, ili atakayevichimbua asidhani ni vya kale. Kila chembe unachomaliza kikwaruze mwaka kwenye kitako, mahali patakapofunikwa na kano.