"Free" kwa Kibulgaria: niambie kwanza free ya nini

Wadau, kuna neno la Kiingereza ambalo sisi watafsiri wa programu likituangukia peke yake bila maelezo inabidi tusimame kwanza, neno lenyewe ni "free". Mwenye kazi anadhani ni ya dakika moja, andika tusonge.

Kibulgaria hapo kina maneno mawili (wenyewe wanaandika kwa Kisirili, hapa naweka herufi zetu). Bezplaten ni kitu kisicholipiwa, "bez" ni bila. Svoboden ni huru, au kitu ambacho hakina mtu kwa sasa, kama kiti. Radio Free Europe kwao ni Svobodna Evropa, ukiweka bezplatna hapo umewatangazia watu kwamba Ulaya inagawiwa bure. Na zile programu huria (kwa Kiingereza free software) za kina Richard Stallman, waliotangaza GNU, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983, ni svoboden softuer, kwa hiyo Mbulgaria hahitaji lile somo refu la kwamba hatuzungumzii bei tunazungumzia uhuru. Hata sisi hatulihitaji, tuna bure na tuna huria.

Ila usikariri. Mabango ya maonyesho kule yanaandika vhod svoboden na maana yake ni kiingilio bure, neno la uhuru hapo limechukua kazi ya bure na hakuna anayelalamika. "Sugar free" nayo haitaki hata moja kati ya hayo, ni bez zahar tu, bila sukari.

Sasa balaa lenyewe ni jinsia. Bure, huru na wazi zetu hazigeuki, chumba wazi, viti wazi, imeisha hiyo. Kule kivumishi lazima kiifuate nomino, chumba (staya) ni cha kike kwa hiyo svobodna, nafasi (myasto) ni svobodno, vikiwa vingi svobodni. Ukiniletea kitufe kimeandikwa "free" tupu mimi nitajuaje, maana kama ni plani ya malipo ni bezplaten, toleo (versiya) ni bezplatna, app (prilozhenie) ni bezplatno. Kwenye kalenda ndo kichekesho zaidi, mwanaume mwenye nafasi ni svoboden, mwanamke svobodna, na programu haijui anayeitumia ni nani! Mimi hapo mtu namkwepa kabisa, naandika svobodno vreme, muda wa nafasi, kivumishi kinaufuata muda.

Madevelopa mnaotumia gettext, ile zana ya kutafsiria maandishi ya programu, hili linawahusu, kwa sababu maneno yanayofanana yanaunganishwa kuwa ingizo moja kwenye faili la PO, lile analojaza mtafsiri, yaani "free" ya bei na "free" ya kalenda zote zinanifikia kama moja na nikitafsiri moja nimeiharibu nyingine. Dawa ipo, inaitwa msgctxt, kamstari kadogo juu ya neno, andika humo "bei ya plani" au "hali ya mtu kwenye kalenda" na kila moja inapata ingizo lake. Ukishindwa kabisa nitumie skrinishoti.