Je, wajua kwa nini dadu hubuni vizuri kuliko karatasi tupu?

Katika mchezo wa kusimulia mezani wa Dungeons & Dragons kuna dude moja ambalo mpiganaji mwenye deraya nzuri huliogopa kuliko joka. Halina haja na nyama ya mtu. Linagusa upanga kwa vipapasio vyake, upanga unashika kutu papo hapo, nalo linaila ile kutu. Kwenye picha za vitabu vya zamani, ncha ya mkia wake ina kitu kama rafadha ya mashua, kiungo ambacho hakuna mnyama anayejulikana aliyewahi kukihitaji.

Wengi wakiliona hudhani limetoka katika hekaya ya kale, au kichwani mwa mtu mwenye kipaji cha pekee. Limetoka dukani. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wawili wa mchezo huo, alinunua mfuko wa midoli ya plastiki ya bei ya chini, kwa kuwa miaka ile sanamu ndogo za viumbe wa njozi za kuweka mezani zilikuwa adimu. Midoli hiyo haikuwa na maelezo. Ilikuwa na maumbo tu, na waliokuwa mezani ndio waliolazimika kusema kila kimoja ni nini na kinafanya nini. Humo wakapatikana dude la kutu na dubu mwenye kichwa cha bundi, wote wawili wakachapishwa mwaka 1975. Humo pia akapatikana bulette, papa wa nchi kavu anayepita chini ya ardhi, aliyeandikwa na Tim Kask katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon mwaka 1976.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu kadhaa wanakaa mezani, kila mmoja anabeba mhusika wake, na mmoja wao, mwongozaji, anabeba ulimwengu wote uliobaki. Wanasimulia kwa zamu, na pale penye shaka dadu inaamua. Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gygax pamoja na Dave Arneson, ilichapishwa mwaka 1974 na ndiyo ya kwanza ya aina hii kuuzwa kwa umma. Hayo yanatosha. Swali letu ni dogo zaidi: kwa nini mfuko wa midoli isiyo na maana ulizaa viumbe ambao watu makini waliokaa na kalamu na karatasi hawakuwafikia?

Jibu linagongana na imani iliyoota mizizi. Inasema kwamba wazo jipya kabisa hutoka kwenye nafasi iliyo wazi: funga vitabu vya wenzako usije ukaiga, ondoa masharti, keti mbele ya karatasi tupu, usubiri. Wako wachezaji wapya wanaokataa hata kusoma orodha za wahusika zilizoko kitabuni, wakiogopa zitawachafulia mawazo. Kisha wanarudi na yatima mnyamavu mwenye kisu, ambaye kijiji chake kilichomwa moto. Meza karibu kila moja imeshawahi kumpokea yatima huyo, mara nyingine wawili kwa jioni moja.

Si kosa la mchezaji. Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Ward, alichapisha majaribio ambayo wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa kubuni na kuchora mnyama wa sayari nyingine, tofauti kabisa na dunia yetu. Hakuna sheria ya fizikia wala ya biolojia iliyowabana. Walichochora wengi wao kilikuwa na upande wa kulia unaolingana na wa kushoto, kikiwa na macho na miguu ya kutembelea. Kwa maneno mengine, walichora mnyama wa hapa hapa aliyebadilishwa kidogo. Walioambiwa kwamba mnyama huyo ana manyoya ya ndege walielekea zaidi kumpa mabawa na mdomo wa ndege, ingawa hakuna aliyewaagiza. Ward aliieleza tabia hii kuwa ni kufuata njia rahisi: akili iliyoachwa huru huchota mfano wa kawaida ulio karibu, kisha inaurekebisha juu juu.

Maana yake ni kwamba karatasi tupu ina kitu tayari. Ina yule yatima. Anayekaa mbele yake bila sharti lolote anapewa kilichozoeleka kuliko vyote, na kwa kuwa kimetoka kichwani mwake mwenyewe anakiona kipya. Ndiyo maana kujizuia kusoma hakusaidii. Mifano iliyokwisha kuingia haitoki kwa kufungwa vitabu. Inapungua tu, na iliyobaki ndiyo ile ambayo kila mtu anayo.

Tukija kwenye upande wa pili, kuna jaribio ambalo wapenzi wa dadu wangepaswa kulitundika ukutani. Mwanasaikolojia Ronald Finke, mwaka 1990, aliwapa watu maumbo sahili kama tufe, koni, ndoana na kipande cha waya, matatu kwa wakati mmoja kutoka katika seti ya maumbo 15, akawataka wayaunganishe akilini watoe kifaa chenye matumizi. Wengine walichaguliwa maumbo kwa bahati nasibu lakini wakajichagulia aina ya kifaa. Wengine walipangiwa vyote viwili, maumbo na aina. Waliobanwa zaidi ndio waliotoa uvumbuzi ambao waamuzi waliuona wa kibunifu zaidi. Matokeo yalipanda tena pale mtu alipoambiwa aunganishe maumbo kwanza bila kujua ni ya nini, na baadaye ndipo akatajiwa kwamba, haya, hicho ulichonacho ni silaha, au ni chombo cha samani. Umbo kwanza, kazi baadaye. Ni kinyume cha tunavyofundishwa, na ndivyo yule mdoli mwenye rafadha alivyopata riziki yake.

Ni haki kusema kwamba Finke alipima vifaa. Hakupima wahusika wa hadithi wala falme za kubuni. Kuyahamishia matokeo hayo mezani ni hatua yetu wenyewe. Hata hivyo namna jambo linavyofanya kazi si ngumu kuiona, na anayejua kutega na kuteguliwa kitendawili ameshaionja.

Chukua kile cha watoto: nyumba yangu haina mlango. Nyumba peke yake haisumbui mtu. Kukosa mlango peke yake hakusumbui pia, kwani jiwe halina mlango na hakuna anayelishangaa. Taabu inaanza vitu hivyo viwili vinapofungwa pamoja na anayetegwa akanyimwa ruhusa ya kukitupa kimoja. Akili inajaribu kuchota kilicho karibu, inakuta nyumba zote ilizonazo zina milango, inazirudisha. Inabidi itoke nje ya mtaa wa nyumba kabisa, ianze kuuliza ni nini tena huhifadhi kilicho hai ndani yake, mpaka inaangukia kwenye yai. Kilichoifikisha mbali ni ugomvi wa vipande viwili. Kipande kimoja hakitegi chochote. Vipande kumi navyo havitegi, kwa kuwa mtu hawezi kuvishika vyote, ataviacha vinane kimyakimya. Dadu, inapokuokotea vipande kwa bahati nasibu, inatega kitendawili cha namna hiyo hiyo, ila aliyetega hana jibu. Kwa hiyo anayetegwa analitengeneza, na lolote linalotosheleza vipande vyote ni halali.

Tuone kwa vitendo. Tuseme una majedwali matatu, kila mstari ukiwa na namba yake ya dadu: moja la kazi, moja la madeni, moja la hofu. Dadu zinakupa: mwasha taa za barabarani, anadaiwa na mtu aliyekwisha kufa, anaogopa sauti ya kengele.

Jibu la kwanza litakuja bila kuitwa: maiti, kengele, basi ni mazishi. Alihudhuria mazishi, kengele zikalia, tangu hapo anaziogopa. Hiyo ndiyo njia rahisi ya Ward ikijitokeza tena, na dalili yake ni kwamba kipande kimoja kimebaki nje. Taa hazina kazi yoyote katika maelezo hayo, angeweza kuwa mchuuzi wa samaki. Kwa hiyo lirudishe, uulize upya ukiwa umevishika vyote vitatu. Mtu anawezaje kudaiwa na marehemu? Labda alilipwa kabla. Alilipwa kwa kazi gani? Kuwasha taa. Basi kuna taa moja, mwisho wa mtaa ambao hakuna anayepita, na bibi mmoja aliyelipia miaka mingi mbele ili iwake kila usiku, kisha akafa. Na kengele? Ndiyo saa ya mwisho ya kumaliza mzunguko. Usiku mmoja ililia kabla hajaifikia taa ile, na asubuhi yake hakuna mtu aliyesema lolote, jambo ambalo lilimtisha kuliko kulaumiwa.

Sasa una mhusika mwenye kazi, siri na sababu ya kutembea usiku. Zaidi ya hapo una ulimwengu, bila kuchora hata ramani. Kwa nini mji huu una kengele ya kuhimiza taa? Nini huja penye giza? Bibi alijua nini? Mwongozaji akijibu maswali hayo matatu ameshapata mkasa wa miezi.

Waundaji wa mapema waliitumia mbinu hii bila kuipa jina. Katika kanuni za 1974 sifa sita za mhusika, kuanzia nguvu za mwili hadi mvuto wake kwa watu, zilipatikana kwa dadu tatu za nyuso sita, na mchezaji alipangiwa mtu kabla ya kumchagua. Kupata 18 ni bahati ya mara 1 katika 216, na 3 ni vivyo hivyo, kwa hiyo wengi walipokea mtu wa kati mwenye kasoro moja ya kueleza. Traveller, mchezo wa anga wa Marc Miller uliotoka 1977, ulikwenda mbali zaidi: mhusika alipitia utumishi wake wa jeshini kwa dadu, kipindi baada ya kipindi, na aliweza kufa humo kabla mchezo haujaanza. Watu bado wanalicheka hilo, na wana haki. Lakini aliyenusurika alifika mezani akiwa na maisha nyuma yake.

Sayari za Traveller nazo zilirushiwa dadu. Ukubwa, hewa, maji, idadi ya watu, serikali, ukali wa sheria na kiwango cha teknolojia viliandikwa kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Ukubwa haukuamua idadi ya watu, hivyo mara nyingine lilitokea jiwe dogo lisilo na hewa wala maji, lenye wakazi mabilioni. Mtu angeweza kusema kanuni zimekosea, arushe upya. Au angeuliza nini kinawafanya watu mabilioni wakae mahali ambapo kufungua dirisha ni kifo, na nani anauza hewa.

Je, basi kuazima kutoka vitabu na filamu ni ruksa? Ni ruksa, ila inategemea unaazima kiasi gani. Mwaka 1991 watafiti David Jansson na Steven Smith waliwaonyesha wabunifu wa uhandisi mfano mmoja kabla ya kuwapa kazi. Katika kazi ya kikombe cha kahawa kisichomwagika, mfano ulikuwa na mrija, na maagizo yalikataza mrija. Bado wengi waliochora baada ya kuuona waliuweka. Mfano mmoja uliokamilika hufunga. Dungeons & Dragons yenyewe ilionja upande wa kisheria wa jambo hilo: hobbit, watu wadogo wa riwaya za Tolkien, walichukuliwa wazima wazima, wenye haki wakalalamika, na jina likabadilishwa kuwa halfling. Kwa upande mwingine, namna mchawi wa kanuni za zamani alivyosahau maneno ya uchawi akishayatumia ilitoka kwa mwandishi Jack Vance, kipande kimoja kilichong'olewa na kupandikizwa kwingine. Vecna, jina la mchawi mfu maarufu wa mchezo huo, ni herufi za Vance zilizochanganywa, na hakuna aliyeshtakiwa. Ukiazima, basi azima kiungo, na kishonee kwenye mwili wa mbali.

Chanzo kingine hakipewi heshima yake: shida iliyopo mezani. Katika ulimwengu wa Blackmoor, uliosimuliwa na Arneson kabla kanuni hazijachapishwa, mchezaji mmoja aligeuka mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, akawa hashindiki. Wenzake walihitaji dawa yake, wakampa mchezaji mwingine kasisi mwenye uwezo wa kufukuza wafu, kwa mfano wa wawindaji wa wanyonya damu katika filamu za kutisha za Uingereza. Kitabu cha 1974 kilipotoka kilikuwa na aina tatu tu za wahusika, mpiganaji, mchawi na kasisi. Huyo wa tatu alitokana na kero. Mwongozaji aliyekaukiwa na maadui wapya anaweza kuanza kwa kuangalia ni nani mezani ambaye hajapata shida tangu zamani.