Mashine ya kusafisha meno hailegezi jino

"Daktari, hiyo mashine isije ikanichonga meno yakalegea." Hapa Lamu, wa Langoni husema hivyo, wa Shela na wa Matondoni vilevile, na wako wanaokaa na ukoga ulioganda menoni hadi jino linaning'inia kwa sababu ya maneno ya barazani.

Ncha ya kusafishia hutetemeka mara 25,000 hadi 40,000 kwa sekunde, lakini mwendo wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Haina makali. Ikilazwa ubavu na kugusishwa tu, hupasua ukoga na kuiacha enameli, gamba la nje la jino, ambalo ni gumu zaidi. Kinacholegeza jino ni ule ukoga: bakteria wake huvimbisha ufizi, mfupa ukaliwa, na ukoga ukabaki kama lipu inayoshikilia ukuta uliokwisha kubomoka. Ukitolewa, unagundua ulegevu na mianya iliyokuwepo zamani. Mashine inalaumiwa bure!

Kukata, inaweza. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ni laini zaidi, na tabibu akiisimamisha ncha wima kwenye mzizi huku nguvu imepandishwa, ataikwangua kweli. Nasi tukitaka kuikata kwa makusudi, tunafunga ncha nyingine yenye chembe za almasi. Hufanyika hivyo tunapotibu mizizi: gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne wa neva uliojificha chini ya dentini. Ncha hiyo nyembamba huiondoa kidogo kidogo, macho yetu yakiona inapofanya kazi.

Wapo matabibu wanaoamini ukikandamiza inakata upesi. Hapana. Mkandamizo huzima mtetemo, joto hupanda, na ncha inaweza kukatikia ndani. Mkono uwe mwepesi.

Maji nayo si ya kuosha tu, yanapoza. Mfupa ukifikia nyuzi 47 kwa dakika moja huumia, basi usituombe tuyafunge. Ukiona unapaliwa, inua mkono, tutayafyonza.

"Maji baridi yananichoma, enameli imeondoka." Haikuondoka. Mzizi uliokuwa chini ya ukoga umebaki wazi, na baridi inafikia vijitundu vya dentini. Kwa wengi hupungua ndani ya siku chache. Tumia dawa ya meno yenye fluoridi, uteme povu bila kusukutua. Mkaa wa kung'arishia meno uache kabisa: huo ndio unaokwangua jino, tena kila asubuhi, kwa mkono wako mwenyewe.