The Loco-Motion haikuanzia kwenye albamu ya 1988

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, inayosema wimbo The Loco-Motion ulitungwa na Kylie Minogue, yule binti wa Australia aliyetokea kwenye tamthilia ya TV, eti kabla ya albamu yake ya kwanza ya 1988 wimbo haukuwepo. Si kweli.

Wimbo ni wa Marekani, wa 1962, aliuimba dada mwingine na ukashika namba 1 kulekule, halafu 1974 bendi ya rock ya hukohuko ikaurudia nao ukafika namba 1 tena, yaani ulishakuwa hiti mara mbili kabla huyu binti hajagusa maiki.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka lakini. Wengi tuliukuta kwake, na yeye mwenyewe aliurekodi mara mbili, 1987 singo ya Australia na 1988 upya kule Uingereza, ndo maana mnabishana kuhusu mwaka na kila mtu ana kava yake mkononi.

Kucheki ni rahisi: kwenye kaseti au sidi tafuta majina ya watunzi karibu na jina la wimbo, au kwenye app fungua maelezo ya wimbo uone walioandika. Jina lake halipo. Ila mwaka wa kwenye kava usiutegemee, ule ni wa rekodi, sio wa kutungwa.

Na hajaiba kitu jamani, kurudia wimbo ni kawaida na watunzi wanalipwa. Kwa hiyo ile meseji ikikufikia usiifowadi, hata kwa utani.