Beseni Moja, Watoto Ishirini

Swali: Tangu nimpeleke mwanangu wa mwaka mmoja na nusu dei kea hapa Kirumba, Mwanza, haishi mafua na kuharisha. Nimtoe?

Mafua yasikutishe sana, mama. Mtoto aliyezoea kukaa nyumbani akichanganyika na wenzake lazima aambukizwe vingi miezi ya mwanzo. Kuharisha kila mara ni habari nyingine. Nenda pale saa ya uji, uangalie wanavyonawa. Ukikuta beseni moja linazungushwa, jibu umelipata: wa kwanza ananawa, wa ishirini anachovya mikono kwenye uchafu wa wenzake kumi na tisa, kisha wote wanajifuta kwa taulo moja. Wanahitaji sabuni na maji yanayotiririka. Bomba likikauka, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia. Na dada anayebadilisha nepi asishike vikombe kabla hajanawa. Hapo ndipo ningeanzia kuuliza.

Swali: Maji ya ziwa yakitulia yanakuwa meupe. Wanaweza kunywa?

Hapana. Yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na koki.

Swali: Akiugua, arudi lini? Dagaa wangu soko la Mwaloni hawanisubiri.

Najua, na ndiyo maana wapo wanaompa mtoto dawa ya homa alfajiri wakamwacha kituoni. Saa nne homa imerudi, na wenzake wameshaambukizwa. Asubiri saa 24 bila homa na bila dawa. Kuharisha au kutapika: siku 2 baada ya kukoma. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke. Surua: siku 4 tangu upele utoke. Ila surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele, kwa hiyo kumtenga peke yake hakutoshi. Fungua kadi ya kliniki uone kama amechanjwa surua-rubela miezi 9 na 18. Hiyo ya pili wengi huisahau.

Swali: Akiharisha nikiwa sokoni, wafanye nini?

Wakupigie simu, na waanze kumpa ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo. Zinki utampa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, akilegea au choo kikiwa na damu, wamkimbize kituo cha afya; wewe utawakuta hukohuko.