Haki ya mgawanyo: kwa nini sawa kwa sawa haitoshi

Neno haki limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mtu akisema "hii ni haki yangu" anadai stahili yake. Akisema "haki itendeke" anaomba uamuzi wa kiadilifu. Hapa nachukua kipande kimoja tu cha neno hilo, yaani haki ya mgawanyo: kanuni inayoamua nani apate nini, kiasi gani na lini, pale watu wanapogawana faida au mzigo. Hilo "lini" nimeliweka makusudi, maana ndilo linalosahaulika.

Mfano ulio karibu kuliko yote ni upatu wa kina mama mtaani, ambao wengine huuita mchezo au kibati. (Siuzungumzii ule wa matapeli wanaoahidi watu faida kubwa.) Tuseme wako 12, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, kijumbe anakusanya na kumkabidhi mwenye zamu 600,000. Baada ya miezi 12 kila mmoja ametoa 600,000 na amepokea 600,000. Ukifungua daftari la kijumbe huoni aliyepunjwa.

Sasa tazama zamu. Wa kwanza amepokea 600,000 akiwa ametoa 50,000 tu, kwa hiyo wenzake wamemkopesha 550,000 bila riba. Ananunua cherehani, na mwezi wa pili inaanza kumlipa. Wa mwisho amekaa mwaka mzima akiwakopesha wengine, na siku fedha inapomfikia huenda bei ya cherehani ileile imeshapanda. Kiasi kimelingana, nafasi hazikulingana. Huu ndio ugumu wenyewe wa haki ya mgawanyo, na kina mama wameujua siku nyingi, ndiyo maana wanapiga kura ya vikaratasi kupanga namba za zamu.

Kura haiondoi tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho. Inachoondoa ni upendeleo. Aliyepata namba 12 anaweza kusikitika, lakini hawezi kusema ameonewa. Wanafalsafa huiita haki ya utaratibu: matokeo yanakubalika kwa sababu njia iliyoyaleta ni safi. Na kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi. Katika kikundi kilichopangwa vizuri, masharti hukubaliwa kabla vikaratasi havijakunjuliwa: faini ya anayechelewa, utaratibu wa mwanachama akifiwa, hatua kwa asiyelipa. Mama asiyejua kama atakuwa wa kwanza au wa mwisho hana sababu ya kutetea sharti litakalomwumiza wa mwisho.

Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, alijenga nadharia nzima juu ya wazo la namna hii. Alitutaka tujifikirie tunapanga kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua atajikuta tajiri au maskini, mzima au mgonjwa, wa kabila gani wala dini gani. Kwa hoja yake, watu hao wangekubaliana kwanza juu ya uhuru wa msingi ulio sawa kwa wote. Tofauti za mali wangeziruhusu iwapo tu nafasi ziko wazi kwa kila mtu kwa haki, na tofauti zenyewe zinamnufaisha kuliko wote yule aliye chini kabisa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alianzia kwenye ugomvi. Alisema watu hugombana wanapokuwa sawa wakapewa visivyo sawa, au wasipokuwa sawa wakapewa vilivyo sawa. Mama anayecheza majina mawili anatoa mara mbili, basi apokee mara mbili. Kumlinganisha na wa jina moja ni kumdhulumu. Aristotle aliitenga pia haki ya kurekebisha. Mtu akishapokea zamu yake kisha akaingia mitini, swali halihusu tena mgawanyo. Kilichopotea kirudishwe, bila kutazama nani ni mtu mwema na nani anachukiwa mtaani. Wahenga walilisema kwa ukali zaidi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Je, mtoto wa mwenye namba 9 akilazwa mwezi wa tatu? Mara nyingi mwenye zamu humwachia, wakabadilishana. Aristotle alitoa mfano wa rula ya madini ya risasi iliyotumiwa na wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, rula inayopinda kufuata umbo la jiwe. Kanuni nzuri nayo inahitaji mahali pa kupinda. Lakini ridhaa lazima itoke kwa mwenye zamu. Kijumbe akijiamulia peke yake nani ana shida zaidi, kura imekuwa mapambo.

Mizani hizi zinafanya kazi hata kwenye bajeti ya taifa. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kipimo kilikuwa tija. Aliyekuwa nacho akaongezewa, na maeneo makavu ya kaskazini yakabaki yanangoja kwa miongo mingi, kama mwenye namba 12 katika mchezo ambao kura haikupigwa. Katiba ya 2010 ikaleta kipimo kingine. Ibara ya 204 inatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, hadi huduma zao zifikie kiwango cha sehemu nyingine za nchi. Muda uliowekwa ni miaka 20, na Bunge linaweza kuuongeza.

Nusu ya asilimia moja ni kidogo mno kwa deni la miaka hiyo yote, na mimi nisingeona ubaya ikiongezwa. Kuna vikundi vya upatu ambako mzunguko mpya ukianza, aliyekuwa wa mwisho hupewa namba ya kwanza bila kura, na wenzake hawanung'uniki.