Stopu na nukta za uga katika usanifu wa lenzi

Chukua lenzi kuukuu ya kamera, ile ya milimita 50 unayoweza kuipata kwa mafundi wa Kariakoo, uielekeze dirishani na uichungulie kwa mbele. Ndani utaona duara la mwanga. Zungusha pete ya apacha, yaani ile inayopanua na kubana tundu la mwanga: vibapa vyeusi vinajikunja, duara linasinyaa. Tundu hilo la vibapa ndiyo stopu. Ndiyo inayoamua kiasi cha mwanga kitakachofika kwenye sensa.

Ila unachokiona si tundu lenyewe. Ni taswira yake, maana unalitazama kupitia vioo vya mbele. Taswira hiyo tuiite mboni ya kuingilia, na hesabu zote hutumia kipenyo chake. Gawanya urefu wa fokasi (ile milimita 50 ya lenzi yetu) kwa kipenyo hicho, unapata namba ya f. Lenzi ya milimita 50 kwa f/2 ina mboni ya milimita 25. Kwa f/8 inabaki 6.25, na mwanga unapungua mara 16.

Kwenye programu ya kusanifu lenzi, kila uso wa kioo una mstari wake katika jedwali. Unachagua mstari wa stopu, kisha unataja ukubwa wake. Usiuchague kwa kubahatisha. Stopu ikikaa mbele ya lenzi mbinuko moja, picha ya mraba inavimba kama pipa. Ikikaa nyuma, pembe za mraba zinavutika nje. Ndiyo maana lenzi nyingi zina stopu katikati, ili makosa ya vioo vya mbele yafutwe na ya vioo vya nyuma.

Sasa nukta za uga, yaani sehemu za picha ambazo programu inazifuatilia. Piga picha ya Sanamu ya Askari pale Posta: askari yuko katikati, majengo yako pembeni. Programu haifuatilii kila sehemu ya picha hiyo. Inafuatilia nukta chache ulizoitajia. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, pembe iko milimita 21.6 kutoka katikati, kwa hiyo wengi huweka nukta kwenye 0, 15 na 21.6. Ile ya kati ni kama asilimia 70 ya umbali wote, kwa sababu duara la kiasi hicho hubeba karibu nusu ya eneo la duara zima linalofika kwenye pembe. Mimi nilipoanza niliweka nukta ya katikati peke yake. Programu ikaboresha hapo tu, na pembeni kukawa ukungu mtupu.

Kila nukta ina mwale wake mkuu, unaopita katikati ya stopu. Ukihamisha stopu, miale yote hiyo inabadili njia, hivyo panga stopu kwanza.

Rudi dirishani, fungua apacha yote, kisha inamisha lenzi taratibu. Duara linachongoka pande mbili kama ngalawa iliyotazamwa kutoka juu, kwa kuwa kingo za vioo zinalikata. Mwanga unaobaki hapo ndio unaofika pembeni mwa picha. Usipoiambia programu kuhusu kingo hizo, itapiga hesabu ya pembe za picha kana kwamba duara ni zima.